Kifungo Chenye Uzi Mweusi

Watu wa Kigoma hawafundishwi mawese. Mtoto hajajua kuvuka barabara, lakini mdondoshee matone mawili kwenye kitambaa, moja la mawese na moja la alizeti, atakuonyesha bila kusita lipi ni la kwao. Kwa hiyo siku kanzu thelathini za watoto wa madrasa ya Kasingirima zilipotoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa na madoa, hakuna aliyeuliza doa lile ni la nini. Lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, limepinda kama ukucha uliokatwa, na ukilisogeza puani lilinukia jikoni. Kilichoulizwa ni kimoja tu: nani.

Na jibu nalo halikutafutwa mbali. Pale dobi, Gungu, walikuwepo wafanyakazi wawili. Mmoja ni Honorata, mama wa miaka arobaini na mitano, mjane mpya, aliyefua nguo za watu tangu enzi za pasi ya mkaa. Wa pili ni Safina, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Katubuka, ambaye mama yake huchemsha mawese nyuma ya nyumba na kuyauza kwa madumu. Safina aliletwa kushika nafasi ya Honorata alipokuwa kwenye msiba. Kabla hajaja, nguo zilitoka safi. Alipokuja, wiki ya pili tu, madoa yakaanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, lakini huyu mgeni alikuja na mwenyeji akaumwa.

Ukweli mmoja inafaa usemwe mapema. Neno la kwanza halikutoka kwa mwenye dobi. Lilitoka kwa Honorata. Alikuwa amerudi kazini juma hilo hilo, moyo haujakaa mahali pake, akaletewa shuka lenye doa, akalinusa, akasema huku akilirudisha kwenye beseni, "Labda mikono." Maneno mawili hayo. Hakumtaja mtu. Lakini aliyesikia alijua mikono ya nani hushinda karibu na mawese, na ulimi hauna mfupa, ukishapinda haunyooki.

Mwenye dobi aliitwa Abdulmajid, mtu wa Ujiji, mpole kwa kawaida yake, anayevaa kofia iliyonyooka kuliko sahani. Alhamisi asubuhi alizipanga zile kanzu mezani moja baada ya nyingine, akazitazama, akavua miwani.

"Safina," alisema, "nimejitahidi. Nimebadilisha sabuni, nimesafisha tangi la maji, nimekununulia glavu. Kanzu hizi zinachukuliwa Jumamosi alasiri, watoto wanahitimu Kurani. Wewe nakuomba umalizie Jumamosi hiyo hiyo. Mpaka hapo usishike nguo."

"Bosi, nanawa mara tatu," alisema Safina.

"Najua unanawa."

"Sasa kama unajua?"

Abdulmajid akavaa miwani yake. Safina alitoka akaketi barazani kwenye kreti la soda, akaitazama mvua. Honorata alikuwa ndani, anakunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, na hakuinua uso.

Asije mtu akadhani mashine haikuchunguzwa. Ilichunguzwa vizuri sana. Walipekua mifuko ya nguo wakitafuta kalamu na rangi za midomo. Walitoa kichujio cha vumbi la nyuzi wakakiosha. Walichukua kitambaa cheupe, wakakichovya kwenye siki, wakalifuta pipa la ndani kutoka mdomoni hadi nyuma, na kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Baada ya hapo mashine ilishinda kesi, na kesi ikambakia mwenye mikono.

Tena mashine ile ilikuwa na heshima yake. Aliyeigusa mwisho ni Martini, mume wa Honorata, fundi wa Kasulu aliyejifunza kwa macho na masikio, aliyetengeneza mashine za kusaga, redio, baiskeli na majenereta ya nusu ya mji. Kabla yake pipa lilikuwa linalia. Likizunguka, mlio wake ulivuka barabara, wateja wakaziba masikio. Martini alikuja siku moja, akajifungia nalo saa mbili, na alipotoka pipa lilikuwa kimya kama mtoto aliyenyonya. Siku nne baadaye alianguka akiwa ananyoa ndevu mbele ya kioo, povu bado shavuni, presha ikamchukua kabla bodaboda haijafika getini. Tangu hapo Abdulmajid hakuacha kuwaambia wateja, "Msikilizeni fundi. Amekufa, lakini kazi yake haijalia tena." Honorata alikuwa akiyasikia hayo, na kila alipoyasikia alipata nguvu ya kufua kapu jingine. Hakuwa na kaburi karibu, maana Martini alizikwa kwao, Kasulu. Alikuwa na mashine isiyolia.

Ijumaa, siku ya thelathini na nane tangu msiba, Honorata aliachiwa kanzu zile azifue upya peke yake. Abdulmajid alikwenda kuswali, na baada ya swala alikuwa na kikao msikitini hadi jioni. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kunyesha bila haraka, ambayo huijui itakwisha lini. Safina alikuwa barazani kwenye kreti lake.

Honorata alisugua mikono kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko. Alizifua kanzu nane, akazisuuza maji matatu, akazikagua moja moja dirishani. Zilikuwa nyeupe. Akaziingiza mwenyewe kwenye mashine ya kukaushia, akafunga mlango mwenyewe. Baada ya dakika arobaini alifungua. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na ukucha mwekundu kwenye pindo. Ya tano ilikuwa na kucha mbili.

Alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa. Mikono ilikuwa yake. Safina hakuwa amegusa hata mlango. Maneno yake mawili yalimrudia mdomoni na ladha yake ikawa mbaya.

Martini alikuwa na msemo mmoja, na aliurudia mpaka ukachosha nyumbani. "Fundi hamshtaki mtu, wala haishtaki mashine," alikuwa akisema. "Fundi anaondoa kimoja kimoja. Kinachobaki ndicho." Honorata alikuwa akimjibu kwamba basi aondoe na viatu vyake mlangoni. Sasa alisimama, akachukua shuka jeupe kuukuu, akalichana vipande vinne. Vyote alivifua kwenye beseni moja. Cha kwanza alikitundika kwenye kamba ya barazani, pembeni ya Safina. Cha pili alikipitisha kwenye mashine ya kufulia tu. Cha tatu aliisubiri mashine ya kukaushia ipoe kabisa, akakizungusha humo bila joto. Cha nne alikizungusha kwa joto lote.

Vitatu vilikuwa safi. Cha nne kilitoka na doa.

Kwa hiyo si sabuni, si maji, si mikono. Ni joto. Kuna kitu kinaganda mashine ikipoa, kikipata moto kinayeyuka. Na mtu wa Kigoma, asubuhi ya baridi, anajua ni kitu gani kinachoganda kwenye chupa mpaka kijiko kisimame. Walikuwa wamelifuta pipa likiwa baridi. Wangelifuta likiwa la moto, wangemwona mwizi siku ya kwanza.

Aliingiza mkono mdomoni mwa pipa, likiwa bado linaunguza, akapitisha vidole kwenye ule mkanda wa sufi unaozunguka ukingo, pale pipa linapokutana na bati la mbele na nguo hujibana ikipita. Vidole vilitoka vyekundu.

Alichomoa waya ukutani. Sanduku la vifaa vya Martini lilikuwa bado chini ya meza, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulihamisha. Alitoa bisibisi, akasubiri chuma kipoe, akafungua skrubu sita za bati la mbele kama alivyomwona akifanya. Aliwasha tochi ya simu.

Mkanda wa sufi ulikuwa umeliwa upande mmoja, ndiyo maana pipa lilikuwa linalia, chuma kwa chuma. Na pale ulipoliwa, mtu alikuwa ameshindilia kitambaa. Kimekunjwa vizuri mara tatu, kimebanwa kwa ncha ya bisibisi, kimeloa mawese mpaka kimekuwa kizito. Mawese yalikuwa yamehitaji wiki kadhaa za joto kupenya mpaka ukingoni nguo zinapopita. Honorata alikivuta polepole. Kilipotoka kikafunguka mkononi mwake. Ulikuwa mkono wa shati, kuanzia kiwiko mpaka mwisho, wenye mistari ya kijani. Mwisho wake palikuwa na kifungo cheupe kilichoshonwa kwa uzi mweusi.

Uzi mweusi ule aliushona yeye. Mweupe ulikuwa umekwisha siku hiyo, na Martini alikuwa anachelewa misa. Alimwambia, "Nani atakutazama kifungo?" Martini akasema, "Mungu," akacheka, akavaa.

Yote yakaja kwa pamoja. Siku ile ya kutengeneza mashine, Martini alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye kikao cha jumuiya, na shati lake zuri. Honorata alikuwa na chupa ndogo ya mawese kwenye mfuko wa chakula, ya kutia kwenye maharage. "Nipe hiyo chupa," Martini alimwambia. Akampa, hakuuliza, akapanda bodaboda kupeleka nguo za wateja Ujiji. Aliporudi chupa ilikuwa nusu. "Uliyanywa?" alimuuliza. "Nilikuwa na njaa," Martini akajibu, na jicho lile la mtu aliyeficha pipi. Jioni alivua koti, na shati likawa na mkono mmoja.

Waligombana. Inapasa isemwe, kwa sababu ndilo lililomkaa kifuani siku thelathini na nane. Honorata alimwambia mwanamume mzima anayekata shati la kanisani hana akili. Alimnunia siku mbili nzima. Siku ya tatu alimpikia lakini hakumsemesha sana. Siku ya nne alikuwa hana tena wa kumsemesha. Alikuwa akijiuliza usiku na mchana shati lile lilikatwa kwa ajili gani, na jibu lilikuwa hapa muda wote, likizunguka mbele yake kila siku, likipaka nguo za watu.

Alikilia kile kitambaa. Alilia bila sauti, uso ameuinamisha kwenye magoti, na mawese yalimpaka gauni.

Akiwa pale sakafuni, shetani alimjia, na alikuja na hoja nzuri. Mkono wa shati ukiingia mfukoni, mkanda ukifutwa, bati likirudishwa, nani atajua? Madoa yatakoma. Pipa likilia tena watasema limezeeka, na Martini atabaki fundi mwenye sifa. Keshokutwa ni arobaini, watu watamsifu, watoto watasikia baba yao akisifiwa. Marehemu hasemwi vibaya. Nani atamlaumu mjane kwa kumfunika mume wake?

Ila hoja ilikuwa na tundu, na Honorata hakuwa mjinga. Madoa yakikoma siku ile ile Safina anapoondoka, mji mzima utasema umeona. Haitahitajika ushahidi mwingine. Binti yule atazeeka akiwa yule wa mikono ya mawese.

Mlango ulisukumwa. Safina aliingia na kikombe cha chai. Aliona bati limefunguliwa, akaona mama mtu mzima amekaa sakafuni analia karibu na sanduku la vifaa vya marehemu, akaelewa alichoweza kuelewa. Aliweka chai juu ya meza, akapiga magoti.

"Pole, mama," alisema. "Arobaini ikikaribia ndiyo inauma. Hata sisi kwa baba ilikuwa hivyo. Kunywa kidogo, upate nguvu."

Honorata hakuweza kumtazama. Aliinywa ile chai kwa sababu kuikataa, juu ya lile neno na ule ushauri wa shetani, kungekuwa dhambi ya tatu.

Abdulmajid aliporudi kutoka msikitini, alimkuta Honorata amesimama mbele ya meza ya mapokezi. Vipande vinne vya shuka vilikuwa vimepangwa, na mbele yake ule mkono wa shati. Safina alikuwa mlangoni.

"Keti, bosi," alisema Honorata. Akaeleza, tangu ndoo mpaka bisibisi. Hakuruka hata chupa ya maharage. Mwisho akasema, "Ni Martini. Na mawese ni yangu. Na lile neno la mikono nililisema mimi, si mwingine. Safina, nilikusingizia."

Abdulmajid alikishika kitambaa kwa ncha za vidole. Akakigeuza upande wa pili. "Aliniomba grisi isiyoyeyuka kwa joto," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Aliniomba mara mbili. Haipatikani hapa mjini, iagizwe Dar. Nikamwambia fundi, subiri kidogo, nina mambo. Nikasahau." Aliweka kitambaa mezani. "Kwao Kasulu si ndivyo wanavyofanya? Mnyororo wa baiskeli, bawaba za mlango."

"Mashine ya kusaga ya baba yake aliipaka mawese miaka ishirini," alisema Honorata. "Ila ile haikaushi kanzu."

Abdulmajid alimgeukia Safina. Ilimwia vigumu, ungemwona kofia ikimlemea. Alimwomba radhi. Alimwambia anabaki kazini, na habari ya Jumamosi aifute. Kisha akamgeukia Honorata, akashusha sauti kwa huruma ya kweli.

"Shemeji, mimi naona haya tuyamalize humu humu, sisi watatu. Keshokutwa ni arobaini. Nitaagiza grisi na mkanda mpya. Tumwache fundi alale na heshima yake."

Lilikuwa neno la mtu mwema. Honorata alitikisa kichwa kukubali, na alihisi mwili mzima umepata pa kukaa. Ndipo Safina aliposema kutoka mlangoni, taratibu, macho yakiwa kwenye mvua.

"Na mama yangu?"

Wakamtazama.

"Juzi mwenye mgahawa wa pale kona alimrudishia mama dumu zima. Alisema amesikia huku kwa dobi kwamba sisi si watu wasafi. Mama hakumwambia mtu, mimi nililiona dumu." Akaegemea mlango. "Lakini sawa. Yataisha tu."



Jumamosi mvua ilipumzika, jua likatoka kali kama lililokuwa likidaiwa. Na hapa tena hakuna mtu wa Kigoma wa kufundishwa: mawese hushindwa na vitu viwili, sabuni na jua, na sabuni peke yake haitoshi. Walizifua kanzu thelathini kwa mikono, wakazitandaza zikiwa zimelowa kwenye kamba, kwenye ua wa michongoma, mpaka juu ya nyasi za jirani. Walizigeuza kila saa. Saa nne madoa yalikuwa ya manjano. Saa sita yalikuwa rangi ya maziwa yaliyoungua. Saa nane ukiulizwa yalikuwa wapi, ungeonyesha kwa kukisia. Walifanya kazi bega kwa bega, na Safina hakumsemesha ila kwa lazima. Honorata hakumlaumu. Anayeumwa na jino haambiwi acheke.

Mara moja tu Safina aliuinua ule mkono wa shati kutoka kwenye beseni lililokuwa tupu. "Na hiki nifue?"

"Kiache," alisema Honorata. Alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakitia kwenye mkoba.

Kabla ya kufunga dobi, alifuta mkanda wa sufi kwa maji ya moto na siki mpaka kitambaa kikatoka safi. Akarudisha bati, akakaza skrubu sita, akawasha. Pipa likaanza kulia. Lililia vilevile kama zamani, mlio wa kuvuka barabara, na yule mwenye duka la ng'ambo akatoka kutazama. Honorata alisimama akausikiliza mpaka mwisho. Ndio mlio ambao Martini alikuja kuunyamazisha, akaunyamazisha kwa alichokuwa nacho.

Jumapili baada ya misa watu walijaa nyumbani kwa Honorata. Turubai lilifungwa uani, viti vikaazimwa kwa majirani, wanawake wakawa kwenye masufuria tangu alfajiri. Walikuwepo wa kanisani, wateja wa fundi, Waislamu wa Ujiji waliokuja na Abdulmajid baada ya kumaliza shughuli yao ya kanzu. Safina alikuja na mama yake. Mama yule, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, aliwasalimu wakubwa kwa Kiha, "Mwidiwe," akaweka dumu la lita tano la mawese karibu na jiko kama anavyofanya mtu anayekuja kwenye shughuli. Honorata aliona jambo dogo. Mpishi alilisogeza dumu lile pembeni kwa mguu, akaendelea kuchota kwenye dumu jingine. Mama Safina naye aliona. Alirekebisha kitenge chake, akaketi mkekani nyuma ya wengine.

Zikaja sifa. Katekista alisema. Jirani alisema. Abdulmajid akasimama, akamtazama Honorata kwa jicho la kumtuliza, akasema Martini alikuwa fundi ambaye hakuwahi kuharibu kitu cha mtu. Watu wakaitikia. Wakamwomba mama mwenye nyumba aseme mawili matatu, kama ilivyo desturi, ashukuru, akae.

Honorata alisimama. Mwanawe Bariki, aliyerudi kutoka chuo Tabora kwa ajili ya arobaini, alisogea akasimama karibu yake asije akaanguka.

"Nawashukuru," alisema. "Mmemsifu mume wangu na mmesema kweli. Ila moja si kweli. Martini aliharibu kitu kimoja, nami nakisema kwa sababu yeye hayupo wa kukisema."

Akafungua mkoba, akautoa ule mkono wa shati. Aliuinua wote wauone, mwekundu, na kifungo chake. Akawaeleza. Alieleza pipa lililokuwa linalia, chupa ya maharage, kitambaa kilichoshindiliwa. "Mmesikia kwamba nguo za kwa dobi zinachafuliwa na mikono ya Safina," alisema. "Maneno hayo niliyaanzisha mimi. Mikono ya Safina ni safi. Nyumba yao ni safi. Mawese yale yalikuwa yangu, na mkono ulioyapaka ni wa mume wangu. Mama Safina, mbele ya watu hawa, naomba unisamehe."

Ungesikia maharage yakichemka. Bariki alikuwa ameinamisha kichwa, na Honorata alifikiri, nimemvulia baba yake nguo mbele ya watu. Alishika kile kitambaa kwa mikono miwili akasubiri lolote litakalokuja.

Lililokuja ni kicheko. Hakikuwa kikubwa. Kilitoka kwa mzee Gasper, mpiga kengele wa parokia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho akijifuta macho kwa kiganja.

"Samahani, mama," alisema mzee Gasper. "Samahani sana. Kengele ya kanisa. Alinipakia mawese mwaka juzi, ilikuwa inakwaruza. Mpaka leo nikivuta kamba, nakwenda nyumbani nanukia maharage."

"Mlango wa stoo yangu," alisema mtu mwingine.

"Cherehani," alisema mwanamke mmoja, na kitambaa cha kulilia kiko mdomoni. "Nilishona gauni la bibi harusi likatoka na mstari. Nikamficha fundi, sikutaka kumuudhi."

Na Abdulmajid, ambaye hakuwa amepanga kusimama tena, alisimama. Alisema grisi iliombwa mara mbili, naye ndiye aliyeisahau. Alisema hivyo, akaketi, na kofia yake ilikuwa imepinda kidogo.

Watu walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja, kila mmoja na doa lake, na Martini alikuwa ameingia uani pale zaidi kuliko alivyoingia kwa sifa zote za asubuhi. Honorata alimsikia. Kwa mara ya kwanza tangu povu la shavuni, alimsikia akicheka kwenye mambo yake, na akajua kwamba zile siku mbili za kununiwa Martini hakuzihesabu.

Mama Safina aliinuka kutoka mkekani. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikwenda jikoni, akachukua dumu lake kutoka pale liliposukumwa, akafungua kifuniko, akamimina kwenye sufuria ya maharage mbele ya mpishi, akakoroga. Mpishi alimpisha.

Chakula kilipogawiwa, Safina ndiye aliyemletea Honorata sahani. Aliishika kwa mikono miwili, akainama kidogo kama anavyofanya binti kwa mama yake.

"Kula, mama," alisema.

Honorata aliufunga ule mkono wa shati kwenye pindo la kanga, akapokea sahani, akala mpaka ikaisha.